Barabara kuu ikikatiza kijiji: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupunguza mwendo wa magari

Barabara kuu ya kwetu Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inatoka Kolwezi, inapita Fungurume na Likasi, inaingia Lubumbashi, kisha inateremka hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Mabamba ya shaba yanatokea huko kwenda bandarini, na asidi, chokaa na mafuta vinaingia kwa njia hiyohiyo. Katikati ya yote hayo kuna vijiji vyetu: nyumba huku, shule kule, kisima upande mmoja, mashamba upande mwingine. Mimi ni mmoja wa kamati ya barabara katika kijiji kimoja cha upande wa Likasi. Maswali haya tumeyakusanya kwenye mikutano chini ya mwembe, kwenye kituo cha basi, na kwa madereva wenyewe wanaposimama kununua makala, yaani mkaa. Nimejibu kadiri ninavyoelewa, baada ya miaka ya kuuliza mainjinia na kusoma yaliyofanyika kwingine.

Kwa nini mnahangaika na mwendo tu? Si breki mbovu na ulevi ndivyo vinavyoua?

Vyote vinaua. Lakini dereva mlevi anayekwenda kilomita 30 kwa saa na dereva mlevi anayekwenda 90 hawaachi msiba uleule. Mwendo ndio unaoamua kosa litaishia kwenye mshtuko, kwenye mguu uliovunjika, au kaburini. Shirika la Afya Duniani, OMS kama tunavyoliita kwetu, linahesabu vifo karibu milioni 1.19 vya barabarani duniani kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kumi hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Ni watoto wa shule na vijana wa pikipiki, wale tunaowaona kila siku.

Kuna jambo lingine. Kijiji hakiwezi kukagua breki za kila kamio (lori) linalotoka Kolwezi, wala hakiwezi kumpima dereva pombe. Ila barabara inayopita mbele ya nyumba zetu inaweza kubadilishwa umbo.

Tofauti ya 80 na 50 ni kubwa kiasi hicho?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapobadilisha mawazo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Mita 22 zimeshakwenda na gari bado liko kwenye 80. Kisha breki zinaanza, na kwenye lami kavu, kwa gari dogo lenye matairi mazuri, zinahitaji mita nyingine kama 35. Jumla ni mita 57. Ukiwa kwenye 50, jumla ni mita 28 hivi. Ukiwa kwenye 30, ni 13 tu.

Sasa weka mtoto mita 30 mbele, anakimbilia mpira. Gari la 50 linasimama mbele yake, na dereva anatoka jasho linamtiririka, anamfokea mtoto, kila mtu anarudi nyumbani. Gari la 80 linamfikia likiwa bado na mwendo wa karibu 70. Ni dereva yuleyule, macho yaleyale, breki zilezile. Nilipochora hesabu hii kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa shule, mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori miaka mingi alinyamaza, akaniomba nirudie ile ya mita 30.

Na hilo ni gari dogo. Semi, yaani lori lenye trela, iliyobeba shaba inahitaji nafasi zaidi, na mvua ya Januari inaongeza tena.

Madereva wanasema mnawapotezea muda. Ni kweli?

Kijiji chenye urefu wa kilomita moja kinapitwa kwa sekunde 45 ukiwa kwenye 80. Ukiwa kwenye 50 unatumia sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Hata ukipita vijiji kumi vya namna hiyo, hujafikisha dakika tano. Kuna siku foleni ya péage (kituo cha kulipia barabara) peke yake inamla dereva zaidi ya hapo, na Kasumbalesa ndiyo usiseme.

Kibao cha kupunguza mwendo kipo. Mbona hakuna anayekitii?

Kwa sababu kila kitu kingine pale kinamwambia dereva aendelee. Ametoka porini dakika arobaini, gudro (barabara ya lami) imenyooka, pana, tambarare, miti ya miombo imekaa mbali. Mwili wake umeshazoea 90, na 70 anaiona kama kutembea kwa miguu. Halafu kibao kidogo kilichofunikwa na vumbi la Agosti kinamwambia apunguze, wakati barabara yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Dawa yake ni kuanzia kabla ya nyumba ya kwanza. Mainjinia wanaita lango la kijiji, ingawa halina mlango. Ni mahali ambapo mambo kadhaa yanabadilika kwa pamoja: vibao viwili vikubwa, kimoja kila upande, vyenye jina la kijiji, ukingo uliopakwa rangi nyeupe, njia inayoonekana kuwa nyembamba, miti au mawe yaliyopangwa karibu zaidi. Dereva anahisi ameingia kwa watu kabla hajafikiri. Lango peke yake, hata hivyo, nguvu yake inaisha baada ya mita mia mbili tatu. Ndani ya kijiji lazima kuwe na kitu kingine cha kumkumbusha.

Shefu wa kijiji akituma vijana wajenge dodane, yaani tuta la barabarani, usiku, kuna ubaya gani?

Kuna ubaya, na ninausema nikiwa na uchungu kwa sababu nilikuwemo.

Miaka michache iliyopita tulizika mtoto. Jioni ya matanga, kwa hasira, tulikata magogo mawili ya mkaratusi, tukayalaza kukatiza barabara na kuyafunika kwa udongo mwekundu. Mimi nilisukuma toroli la udongo. Hakukuwa na kibao, hakukuwa na rangi, hakukuwa na taa. Saa tano usiku kijana wa pikipiki alikuja amembeba dada yake aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Hakuona kitu. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Dada yake alichunika uso mzima upande mmoja. Asubuhi malori yalikuwa yameshausaga udongo, na magogo tukayaburuta wenyewe kuyatoa.

Dodane nzuri ina vipimo. Ile ya duara inayojulikana zaidi ilibuniwa na maabara ya barabara ya Uingereza katika miaka ya 1970: urefu wake, kwa maana ya upande gari linakopita, ni mita 3.7, na kimo chake ni sentimita 10 tu. Ni mgongo wa polepole, si ukuta. Tuta fupi lililochongoka, kama yale ya udongo tunayoyaona kila mahali, linavunja springi za anayepita taratibu na kumrusha anayekuja kwa kasi. Kwa barabara yenye malori na mabasi ni afadhali tuta lenye uwanja bapa juu, refu kiasi cha kubeba ekseli vizuri, lenye miteremko laini pande zote mbili.

Tena, tuta haliwekwi mahali gari linafika likiwa na 90. Kwanza lango, kisha mistari ya mtetemo, ndipo tuta. Dereva ashushwe kwa ngazi.

Mistari ya mtetemo ni nini?

Ni vipande vyembamba vya lami au rangi nene vinavyokatiza njia, vimepangwa kwa makundi. Gari likipita juu yake usukani unatetemeka na sauti inajaza chumba cha dereva. Haimlazimishi dereva kupunguza, inamwamsha. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliiweka kwenye njia panda ya Suhum. Ajali zilipungua kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa karibu asilimia 55. Ninapenda sana mfano huu kwa sababu ni barabara kama yetu: malori, mabasi, wauzaji, waenda kwa miguu, na fedha kidogo.

Ubaya wake ni kelele. Usikubali iwekwe mbele ya chumba cha mzazi anayelala na mtoto mchanga. Iwekwe nje ya kijiji, kabla ya lango.

Si bora barabara ipanuliwe ili watu wapate nafasi?

Inategemea nani anapewa nafasi. Njia ya magari ikipanuliwa, magari yanaongeza mwendo. Hilo limeonekana kila mahali. Hata sisi tunakumbuka wakati wa mashimo: mabasi yalikuwa yakitambaa, kuku walikuwa wanalala barabarani. Lami mpya ilipokuja tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana wagonjwa wanafika hospitali. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba njia laini huja na mwendo wake.

Kinachohitajika kijijini ni ukingo imara, uliotengwa na njia ya magari. Mtazame kijana wa makala. Kinga yake, yaani baiskeli, imebeba magunia marefu kuliko yeye, mawili ubavuni na mengine yamelazwa juu, na yeye anasukuma akiwa ameinamia upande mmoja, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo aliyoifunga nyuma ya kiti. Upana wake barabarani ni mita moja na nusu. Ukingo wa gudro umekatika, una ngazi ya sentimita ishirini kushuka kwenye changarawe. Akishuka, mzigo unaanguka. Kwa hiyo hashuki, na lori lililo nyuma yake linapiga honi. Mita moja na nusu ya ukingo uliojazwa na kushindiliwa vizuri ingemwokoa huyu kuliko kibao chochote.

Denmark walilijaribu wazo hili miaka ya 1980 katika miji midogo mitatu iliyokatizwa na barabara kuu: Vinderup, Skærbæk na Ugerløse. Hawakuhamisha barabara. Walipunguza upana wa njia ya magari, wakaweka malango, miti, sehemu za kuvukia na nafasi ya baiskeli. Magari yaliendelea kupita, na mwendo ukashuka. Najua Denmark si Katanga. Hawana semi za asidi wala vumbi letu. Lakini jicho la dereva ni lilelile.

Tuliwafukuza mama wanaouza barabarani mara tatu, na wamerudi mara tatu. Tufanye nini?

Acheni kuwafukuza. Mama anauza pale kwa sababu gari linasimama pale. Wakati wa mvua anauza uyoga na vinkubala (viwavi wa kuliwa), kiangazi anauza viazi vitamu na nyanya, na hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto. Nimekaa karibu na mmoja wao asubuhi nzima. Beseni lake la nyanya liko umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye gudro. Semi ikipita, kitenge kilichofunika beseni kinapepea, na yeye anakikanyaga kwa kisigino bila kutazama na bila kukatiza maneno yake. Amezoea. Hilo la kuzoea ndilo lililonitisha.

Kinachofaa ni kuhamisha mahali pa gari kusimama, na biashara itafuata. Tengenezeni kituo kando, nje kabisa ya njia, kilichojazwa changarawe, chenye urefu wa kutosha basi na lori moja, mahali panapoonekana kutoka mbali, si kwenye kona. Meza ziwe upande wa ndani wa kituo, muuzaji akiangalia barabara, si kuipa mgongo. Wekeni mawe makubwa yaliyopakwa chokaa kati ya meza na magari. Na vituo viwe viwili, kimoja kila upande, visitazamane uso kwa uso, la sivyo watu wataruka barabara katikati ya mabasi mawili yaliyosimama na hakuna dereva atakayewaona.

Kazi hiyo inataka toroli, sepetu, na makubaliano ya mwenye shamba. Washirikisheni mama tangu mwanzo, wao ndio wanaojua gari la aina gani linasimama wapi.

Shule iko ng'ambo. Watoto wavukeje?

Chagueni sehemu moja ya kuvukia, na si tatu. Iwe mahali dereva anaona mbali pande zote, na iwe pale watoto tayari wanapopita. Ukiwaambia wazunguke mita mia mbili hawatazunguka. Sehemu bora ya kuvukia ni ile iliyoinuliwa juu ya tuta bapa, kwa sababu pundamilia ya rangi peke yake haimsimamishi mtu. Asubuhi na saa za kutoka, mtu mzima mwenye fulana inayong'aa na bendera asimame pale. Fyekeni majani. Mwezi wa Februari majani yanafikia kichwa cha mtoto wa darasa la pili, anatokea tu kama swala.

Malori yenye usukani upande wa kulia ni hatari zaidi?

Yanatoka nchi zinazoendesha kushoto: Zambia, Tanzania, Afrika Kusini. Kwetu tunaendesha kulia. Kwa hiyo dereva ameketi upande wa vichaka. Akitaka kumpita mwenzake lazima atoe kichwa kizima cha lori ndipo aone kinachokuja. Ndiyo sababu ndani ya kijiji kupitana kusiruhusiwe kabisa, kwa mstari usiokatika na, palipo na nafasi, kwa kisiwa kidogo cha zege katikati. Kisiwa hicho pia kinampa bibi mahali pa kupumzika akiwa amevuka nusu.

Na asidi?

Mwezi wa Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na magari mengine na mzigo ukamwagika. Watu wapatao 20 walikufa. Sitaeleza zaidi, familia zao zinasoma. Nataka tu kila kijiji kijue kwamba mwendo wa lori kama hilo si jambo la anayegongwa peke yake: unaamua pia kama tangi litapasuka. Na kama limepasuka, msikimbilie kuchota wala kutazama. Ondokeni kuelekea upande upepo unakotoka, na watoto kwanza.

Usiku je? Hatuna umeme.

Chokaa. Pakeni vigogo vya miti, mawe ya ukingo na ncha za madaraja madogo. Vipande vya kuakisi mwanga kwenye nguzo ni bora zaidi, na havitaki umeme. Anayetembea usiku avae cheupe, atembee akiangalia magari yanayokuja, yaani upande wa kushoto wa barabara kwetu. Wazazi wetu walitufundisha kutembea kulia "kama magari". Ilikuwa kosa.

Ombi tulipeleke wapi?

Barabara za taifa nje ya miji ziko chini ya Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara. Ndani ya mji ni OVD, ofisi ya barabara za mjini na mitaro. Watu wengi wanachanganya hapo, barua inalala kwenye ofisi isiyohusika. Mambo ya usalama na mafunzo ni ya CNPR, tume ya taifa ya kuzuia ajali za barabarani, na polisi wa roulage (trafiki) ndio wa kusimamia sheria. Barua ianze kwa shefu wa kijiji, ipite kwa shefu wa groupement (kundi la vijiji) na ofisi ya teritware (kama wilaya), kila mmoja aweke muhuri, na nyinyi mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Barua isiyo na kitu ndani haisomwi. Wekeni mchoro wa kijiji: shule, kisima, kanisa, kituo, mahali pa ajali na tarehe zake. Wekeni vipimo vya mwendo, nitaeleza chini namna ya kuvipata.

Kama mko katika eneo la mgodi, kuna mlango mwingine. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inailazimu kampuni kukubaliana na wananchi cahier des charges, yaani hati ya ahadi zake kwao, na kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Usalama wa barabara inayopitiwa na malori ya mgodi unastahili kuwa kwenye mazungumzo hayo. Tumezoea kuomba shule na zahanati, na ni vizuri. Ombeni pia kuvuka salama kwenda kwenye hiyo shule.

Tunapimaje mwendo bila mashine?

Pimeni mita 100 kwa kamba kando ya barabara, pigeni nguzo mbili. Mtu mmoja ainue mkono gari linapopita nguzo ya kwanza, mwingine akiwa na saa ya simu kwenye nguzo ya pili. Sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 7.2 ni 50. Sekunde 4.5 ni 80. Sekunde 3.6 ni 100, na mtayaona ya namna hiyo.

Kaeni mbali kidogo na barabara, msionekane kama polisi, la sivyo kila mtu atapunguza. Andikeni magari 100, mabasi na malori kando kando. Yapangeni kuanzia la polepole, na mtazame la 85. Mainjinia wanautumia mwendo huo kupanga kazi, kwa hiyo mkiwapelekea namba hiyo mnaongea lugha yao. Rudieni zoezi hilohilo, siku ileile ya wiki na saa ileile, baada ya kazi kufanyika.

Tuta limejengwa. Tumemaliza?

Bado. Ndani ya wiki ya kwanza madereva watagundua kwamba wanaweza kulikwepa kwa kupitisha matairi ya upande mmoja kwenye ukingo, palepale watu wanapotembea. Nendeni mkaangalie alama za matairi. Mkiziona, zikeni mawe makubwa au nguzo za zege kwenye ncha zote mbili za tuta, mkiacha nafasi ya kinga ya makala kupita: mita moja na nusu haitoshi akiyumba, acheni mbili. Rangi ipakwe upya kila mwisho wa mvua, na mtaro ulio kando usafishwe, maana maji yakituama chini ya tuta lami inapasuka, na mwaka unaofuata mtakuwa na shimo mahali palipokuwa na tuta.